Pumua, usizibe: mi mtu wa Goma chini ya bahari ya Mnemba

Sisi watu wa Goma tunakuwaga na hewa mu akili toka utoto. Mtoto hajajua hata kusoma, ashaambiwa usishuke mu lile shimo, usilale pale bondeni, ukiona mbuzi amelala na hapumui usiende kumuokota juu pale kuna mazuku. Mazuku ni gazi karboniki (CO2) inayotoka chini ya mawe ya volkano, ni nzito kupita hewa ya kawaida kwa hiyo inajikusanya chini mu mashimo, haina rangi, asubui mapema mbele upepo uanze kupiga njo inakuwaga mbaya zaidi. Na wakubwa walitufundisha neno moja tu: ukisikia kichwa kinazunguka na pumzi inakuwa fupi, ziba pumzi, panda juu, kimbia.

Mtu amekulia na hiyo sheria, halafu anashushwa chini ya bahari na mtungi wa hewa mgongoni, na anaambiwa kama sheria ya kwanza, kubwa kupita zote, ni usizibe pumzi hata kidogo. Mwili unakataa. Akili inaelewa vizuri kabisa lakini mwili unasema hapana, mi ninajua kitu kingine. Hapo njo masomo yangu yote yalitokea, samaki na rangi na matumbawe vilikuja nyuma yake, na ninataka nieleze polepole juu watu mingi wananiuliza samaki tu.

Niko mwalimu wa fizikia mu sekondari hapa Goma. Kila mwaka ninaandikaga ku ubao sheria ya Boyle na Mariotte: presha ikizidi mara mbili, volime ya gazi inapungua nusu. Wanafunzi wananakili, wanafanya mazoezi, ku egzame wanapata pointi, tunaendelea na somo lingine. Dada yangu mdogo anafanya kazi ku hoteli moja kule Nungwi, kaskazini ya Unguja (Zanzibar), walimchukua juu anasema Kifaransa vizuri na wageni wengi wanatoka Ufaransa, na likizo kubwa ilipokaribia akanipigia: "Yaya, kuja upumzike, na kuna kitu nitakulipia, hujawahi kukiona na hutakisahau." Nilijua ni bahari. Sikujua ni chini yake.

Mama yetu safari aliikubali, kitu alikataa ni maji. Tangu ule mwezi wa 10 mwaka 2024, mashua iliyotoka Minova ilipozama karibu na bandari ya Kituku hapa Goma, watu wako kando wanaona na hawawezi kufanya kitu, mu nyumba yetu habari ya maji inasemwa kwa sauti ya chini. Na alikuwa na haki. Tunaishi ku ziwa, tunakunywa ziwa, tunakula ziwa, na watu mingi sana kati yetu hawajui kuogelea. Nilimwambia mama nitakuwa na mwalimu, nitafungwa vizuri, sitaenda ndani sana, akaniangalia tu, akasema nenda lakini usimfanye dada yako alie. Basi nikavuka mupaka asubui, nikashika basi ya Kigali, na toka Kigali basi ya Dar, safari ndefu mpaka miguu inavimba.

Mu hiyo basi kuna kitu kidogo kilitokea ambacho kwangu kilikuwa kikubwa. Kigali nilikunywa maji ya chupa ya plastiki, nikamaliza, nikafunga kifuniko nguvu nikaitupa mu sakoshi. Kigali na Goma ziko karibu urefu moja, mita 1,500 hivi juu ya bahari. Kufika Dar ninatoa ile chupa, imejikunja, mbavu zimeingia ndani, na hakuna mtu aliikalia. Ni hewa ya pwani njo iliifinya, juu kule chini hewa ni nzito kuliko ya kwetu, kwetu presha ni 0.85 bar hivi, pwani ni 1 na kidogo. Kinyume chake mtu yeyote wa Goma anakijua bila kusoma fizikia, zile pakiti za chipsi zinazotoka pwani zinafikaga huku zimevimba karibu kupasuka. Nilikuwa nimefundisha sheria ile miaka na miaka, na chupa ya maji njo ilikuwa mtu wa kwanza kunionyesha. Niliitunza.

Nungwi, mwalimu wangu alikuwa kijana wa pale pale, baba yake mvuvi, amekulia ndani ya maji. Aliponiuliza kazi yangu na nikamwambia, kuanzia pale akawa ananiita mwalimu, na mi ninamwita mwalimu, na tukaenda hivyo. Alinianzia mu maji ya kifua tu, wala hakuwa na haraka, na ningependa kila mtu apate mtu wa namna ile juu yule wa haraka anaweza kukuharibia bahari ya maisha yako yote.

Kwanza alinitoa mu kichwa lile neno la oksijeni. Kwetu tunasemaga chupa ya oksijeni, hapana, mule ndani ni hewa hii hii tunavuta njiani, oksijeni asilimia 21 na inayobaki karibu yote ni azoti (naitrojeni), sema imeshindiliwa. Mtungi wa lita 12 ulioshindiliwa mpaka bar 200 una hewa karibu lita 2,400. Oksijeni tupu ukishuka nayo, ukipita mita 6 hivi inaanza kuwa sumu. Kisha akanifunga kiunoni mkanda wenye vipande vizito vya madini ya risasi. Mi mu Kivu ninaogelea na sina shida, lakini bahari ina chumvi gramu 35 hivi mu kila lita, inakusukuma juu, na ile nguo ya mpira nayo inaelea, bila risasi unabaki unacheza juu ya maji na bahari yote iko chini yako. Halafu ile gileti ya kuelea unaijaza hewa kidogo ao unaitoa, na miguuni zile palme ndefu kama mapezi ya samaki.

Mazoezi yalikuwa ya kawaida lakini kila moja lina maana. Toa ile ya mdomoni unayovutia hewa, iachilie, na wakati huo toa vipovu vidogo vidogo mu midomo, usizibe, kisha iokote urudishe na upulize nguvu maji yatoke. Jaza maji mu maski kwa kusudi, shika juu ya maski, angalia juu, toa pumzi kwa pua, maji yanashuka. Na alama za mikono, juu chini hakuna kusema: kidole gumba na cha shahada vikifanya duara ni niko sawa, kiganja kikitikisika ni kuna shida, mkono ukipita shingoni ni hewa imeisha, na kidole gumba kikienda juu maana yake tupande, hata kama mu akili yako unataka kusema ni nzuri sana.

Akarudia neno lake. "Mwalimu, ukizuia pumzi halafu ukapanda, ile hewa inataka kutoka. Mapafu hayana pa kuipeleka." Nikamwambia Boyle na Mariotte, mita 10 ni bar 2, ukipanda juu inakuwa mara mbili. Akacheka akasema hiyo hiyo, lakini wewe unaijua kwa kalamu, kesho utaijua kwa kifua. Akaniambia pia kama hii sheria inaanza hata mu maji ya pisini ya kuogelea, hakuna kina kidogo ambacho mtu anaruhusiwa kuzuia pumzi akiwa anapanda na mtungi mgongoni.

Mnemba ni kisiwa kidogo kaskazini mashariki ya Unguja, kimezungukwa na miamba ya matumbawe, na mashua toka Nungwi inachukua muda wake. Ilikuwa wakati wa kusi, upepo unapiga, watalii wawili walitapika, mi hapana. Tukafunga ku boya, mwalimu akashuka mbele, mi nikashika kamba ya nanga, miguu chini kichwa juu, polepole, na kila nusu mita ninabana pua ninapuliza kwa upole. Masikio njo ya kwanza kukuambia uko wapi. Mita mbili, mita tatu, sikio la kushoto likaanza kuuma, kakitu kenye ncha ndani ya kichwa, nikamwonyesha kiganja kinatikisika na sikio kwa kidole, akanirudisha juu kidogo tu, tukangoja, nikameza mate, nikapuliza tena, likafunguka. Hakuna kulazimisha. Mwenye mafua asishuke, hata kama amelipa, hata kama mashua imeshafika, juu ile njia kati ya sikio na pua ikiwa imeziba ngoma ya sikio inaweza kupasuka.

Halafu, mita nne ao tano hivi, ikanikamata.

Hakukuwa na kitu kibaya. Maji yako ya joto ya kutosha, ninaona mbali, mwalimu ako mbele yangu, hewa inakuja kila ninapovuta. Lakini pumzi ikaanza kuwa fupi, fupi zaidi, ninavuta juu ya juu, kifua kinapanda mabega yanapanda, na ile kelele ya vipovu inajaza kichwa, na mwili wangu wote unasema mazuku, hii ni mazuku, ziba pumzi panda juu kimbia. Kweli kabisa, hilo neno lilikuja hivyo. Nilikuwa nimeshika ile kamba mpaka vidole vinauma. Mwalimu akakuja mpaka uso kwa uso, akaweka mkono wake karibu na mdomo wangu akaupeleka mbele polepole, polepole sana, mpaka mkono umenyooka. Toa. Akarudia. Toa. Hakunionyesha kuvuta hata siku moja, alinionyesha kutoa tu.

Nikatoa pumzi mpaka mwisho, mpaka nikasikia tumbo limeingia ndani. Na kuvuta kukaja kwenyewe. Nikatoa tena. Baada ya muda mfupi ile hofu ikashuka, na hapo njo fizikia na kemia viliingia mu kichwa changu pamoja na maji yote yale, nikaelewa. Hamu ya kuvuta pumzi haiji juu oksijeni imepungua, inakuja juu gazi karboniki imezidi mu damu. Ukipumua fupi fupi, hewa inaenda inarudi mu koo na mu ule mpira wa mdomoni tu, gazi karboniki yako mwenyewe inabaki ndani, inaongezeka, ubongo unapiga kengele, unaogopa, unapumua fupi zaidi, inaongezeka tena. Ni gazi ile ile. Ile inayoua mbuzi mu mashimo ya njia ya Sake, chini ya maji unaitengeneza wewe mwenyewe kwa hofu yako, na dawa yake ni kuitoa tu, pumzi ndefu kwenda nje. Nimefundisha watoto kuhusu CO2 toka nianze kazi, na sikuwahi kufikiri kama woga una kemia.

Na kitu kingine. Wakati wote ule wa hofu sikuona samaki hata mmoja. Ukiniuliza kulikuwa nini pale ku kamba, sijui. Pumzi ilipotulia, nikageuza kichwa, na walikuwa wamejaa. Walikuwako toka mwanzo, wako mikono miwili toka kwangu, wa njano, wa buluu yenye mistari, wengine bapa wamesimama tu mu maji wanatuangalia, na mi macho yalikuwa wazi muda wote ila hayafanyi kazi.

Masikio nayo yakafunguka. Watu wanafikiri chini ya bahari kuna kimya. Miamba inalia, inapasuka pasuka pande zote, sawa vile unatupa sambaza, wale samaki wetu wadogo wa Kivu, mu mafuta ya moto. Baadaye waliniambia ni kamba wadogo, wale wanyama kama uduvi, wanaofunga koleo zao kwa nguvu, maelfu na maelfu, na huwezi kujua sauti inatoka upande gani juu mu maji sauti inakimbia mita 1,500 hivi kwa segonde, mara nne zaidi ya mu hewa, inafika ku masikio yote mawili karibu pamoja, kichwa kinachanganyikiwa. Juu yake kulikuwa kelele nyingine, ya kutafuna, kra kra, nikatafuta mpaka nikamwona: pono, rangi ya kijani na waridi, meno yake yameshikana yamekuwa mdomo wa kasuku, anakwangua jiwe la matumbawe mwani utoke, na nyuma yake anaachilia wingu jeupe. Ule ni mchanga. Ile fukwe nyeupe watalii wanayolalia, sehemu yake imepita mu tumbo la pono, na pono mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Nilibaki pale ninamwangalia anakula na kutengeneza pwani.

Mwalimu akanionyesha tundu mu mwamba, ndani yake mkunga, samaki mrefu kama nyoka, kichwa kimetoka nje, mdomo unafunguka unafunga unafunguka unafunga, meno yanaonekana. Kila mtu anayemwona mara ya kwanza anafikiri anatishia kuuma. Anapumua. Mkunga anahitaji kusukuma maji kupitia mdomoni yafike ku mashavu yake ya kupumulia, kwa hiyo kufungua mdomo kwake ni kile mi nilikuwa ninafanya na vipovu vyangu, na nilipojua hivyo sikumwogopa tena, ila mikono niliiweka kifuani, juu kama unamwingizia vidole tunduni kwake atauma kweli. Pembeni kidogo kulikuwa samaki mkubwa amesimama wima mdomo wazi, na kasamaki kembamba ka buluu kenye mstari mweusi kanaingia mu mdomo wake, kanatoka ku mashavu, kanakula vijidudu na ngozi iliyokufa. Mkubwa hamezi. Kuna wengine wamepanga mstari wanangoja zamu, na hilo sikuliamini mpaka nililiona, watu tungeshindwa.

Wale samaki wadogo wa rangi ya machungwa, wanaoishi ndani ya anemoni, ule mnyama laini wa bahari anayefanana na ua, walitoka nje kupigana na mi. Kadogo kama kidole, kinakuja mpaka ku maski. Wanazaliwa wote wanaume, mkubwa wa nyumba anageuka jike, na akifa, dume lake linageuka kuchukua fasi yake. Anemoni ina sumu, inachoma samaki wengine, wao mwili wao una ute unaowalinda. Kuna samaki simba pia, miiba yake imetandazwa, mzuri sana na ana sumu. Sitamaliza wote.

Lakini kasa, huyo ninataka kumsema. Alikuwa ku mchanga anakula majani ya bahari, mkubwa, ganda lake limeota mwani kidogo, na alituona na hakujali. Tulikaa mbali kidogo, mwalimu alininyooshea kiganja, usimfuate, ngoja. Akala, akala, kisha akainua kichwa, akaanza kupanda, taratibu, mabawa yake ya mbele yanapiga mara moja yanapumzika. Anaenda kuvuta hewa. Yule mnyama alitoka ku yai mu mchanga wa pwani, lakini anaishi baharini, atakufa baharini, akilala anaweza kukaa chini masaa, na bado lazima apande juu kuvuta hewa ile ile ninayovuta mi, ana mapafu. Nilimfuata kwa macho mpaka akawa kivuli kidogo mu mwanga, akatoboa juu, akarudi. Ninaandika hivi na kifua changu kinasikia kitu. Kule Kivu hatuna kitu kama hicho. Tuna ziwa zuri kupita kiasi, halina mamba, aina za samaki ni chache, hata sambaza yenyewe ililetwa toka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na mi nimekaa karibu na hayo maji maisha yangu yote nikiyaona kama fasi ya kupita, boti na mizigo. Sikuwahi kuwaza kama kuna anayeishi mule akiwa na siku yake, njaa yake, zamu yake.

Rangi nazo. Nilikuwa nimefunga ku mkono kitambaa chekundu cha dada yangu, na nilipoangalia chini kule kilikuwa cha kahawia chafu. Maji yanakula mwanga mwekundu kwanza, mita chache tu na umekwisha, kisha machungwa, buluu njo inafika mbali. Mwalimu akawasha toshi akaimulika ku kitambaa: chekundu. Akaimulika ku mwamba: mwekundu, zambarau, rangi zilikuwa pale wakati wote ila mwanga wa kuzionyesha haukuwa unafika. Nimefundisha hiyo pia.

Kuna fasi moja ambayo matumbawe yalikuwa meupe. Mwanzoni nikafikiri ni aina nyingine, ni nzuri hata, yameng'aa. Juu kwenye mashua mwalimu akaniambia hapana, yale yana njaa. Matumbawe ni wanyama, vidudu vidogo vidogo vimejenga nyumba ya chokaa, na ndani ya mwili wao wanaishi mwani wadogo sana wanaotengeneza chakula kwa jua na kuwapa, na njo hao wanaleta rangi. Bahari ikipata joto kupita kiasi kwa muda, mwani wanafukuzwa, matumbawe yanabaki meupe, joto likiendelea yanakufa. Mwaka 1998 bahari hii ya Hindi ya magharibi ilipata pigo kubwa sana namna hiyo. Matumbawe ya jiwe mengi yanakua sentimita moja hivi kwa mwaka, kwa hiyo ile bonge ilikuwa urefu wangu ni ya zamani kuliko babu yangu, na palme ya mtalii mmoja anayerusha miguu inaweza kuvunja tawi lake kwa segonde. Nililia kidogo na sioni haya. Ninatoka mji ambao moto wa volkano ya Nyiragongo umeushukia, 1977 na 2021 pembeni yake, 2002 ndani yake kabisa, ninajua kuona fasi iliyokuwa na uhai imekuwa jiwe.

Kupanda. Hapa njo chupa yangu ya plastiki ilijibiwa. Mita 12 njo mwisho kwa mtu wa mara ya kwanza, na tulipoanza kurudi nililala mgongo kidogo nikaangalia vipovu vyangu. Vinatoka mdomoni vidogo, vinapanda, vinapanuka, vinakuwa bapa, vinakuwa sahani, vingine vinapasuka vinakuwa vingi, na kila kimoja kinapanuka kabisa kwa ile hesabu niliyokuwa ninaandika ku ubao. Hewa niliyoitoa chini ilikuwa inaonyesha nini kingetokea mu mapafu yangu kama ningeiziba. Nikatoa pumzi, ndefu, ninaimba karibu. Haraka haina fasi pale, mita 9 kwa dakika hivi, na ku mita 5 tukasimama dakika tatu, tumeshika kamba, azoti itoke mu damu kidogo kidogo.

Hiyo azoti njo neno la mwisho la maana, hasa kwa sisi watu wa milimani. Chini ya presha gazi inayeyuka zaidi mu damu na mu mwili, ukipanda haraka ao ukienda fasi ya presha ndogo mapema inatoka kwa vipovu, mu viungo, mu uti wa mgongo. Kwa hiyo kisha kuzamia mara moja hupandi ndege mbele ya masaa 12, ukizamia zaidi ya mara moja ni 18. Mwalimu aliniuliza ninarudi namna gani na kwetu ni juu kiasi gani, nikamwambia ni basi lakini ni mita 1,500, akasema basi hiyo nayo ni kupanda, kaa siku nzima kwanza. Nilikaa. Mwenye anatoka Goma, Bukavu, Kigali, Bujumbura milimani, usipange kuzamia asubui na kupanda jioni, hata kama ni gari.

Shule ilipofunguliwa niliingia darasani na chupa iliyokunjika. Sheria ya Henry, ile ya gazi kuyeyuka mu maji chini ya presha, nilikuwa ninaipitaga haraka, safari hii tuliikalia. Damu ya mzamiaji na Ziwa Kivu ni somo moja: ziwa letu lina kina cha mita 485, na mule chini kabisa kumeyeyuka gazi karboniki karibu kilometa za ujazo 300 na metani karibu 60, zimeshikwa na presha ya maji yaliyo juu yake. Kule Karongi upande wa Rwanda toka 2016 wanavuta maji ya mita 350 hivi, yanapanda, presha inashuka, gazi inajitoa, wanatengeneza umeme megawati 26. Na ku Ziwa Nyos, Kameruni, tarehe 21 mwezi wa 8 mwaka 1986 gazi ilijitoa yenyewe kwa mara moja, watu karibu 1,700 wakafa usiku. Darasa lilikuwa kimya, kila mmoja anajua mazuku, hakuna aliyekuwa amewahi kuiunganisha na ubao.

Halafu msichana mmoja wa nyuma akauliza: "Profu, kama mtu atazama mu Kivu, hesabu inaanzia ku bar 1 ao ku 0.85 yetu?" Tuliifanya pamoja. Juu ya maji 0.85, mita 10 za maji matamu zinaongeza karibu 0.98, chini unapata 1.83. Gawanya 1.83 kwa 0.85: hewa ya mita 10 ikifika juu inakuwa mara 2.15, wakati baharini ni mara 2. Kumbe ziwa letu linapanua hewa kuliko bahari, na mzamiaji wa huku anahitaji jedwali zake mwenyewe za hesabu ya kuzamia, za urefu wa mlima, zile za Nungwi hazimtoshi, na ku Kabuno, ile ghuba ya ziwa letu, asishuke kabisa, juu mule gazi imejaa toka mita 12 hivi tu. Msichana akaandika 2.15, akaipigia mstari chini mara mbili, akauliza na mita 20 je.